Injini Inamisi Silinda Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari ya Zamani Uganda

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kwenye gereji yetu upande wa Ndeeba, Kampala. Wanaouliza ni wenye Corolla AE100, ile tunayoiita Kikumi, wenye Carina na Premio, Ipsum na Noah, Subaru Legacy, na madereva wa HiAce za abiria. Wengi hufika wakiwa tayari wameshauziwa plagi, waya na hata koili, na gari bado linachechemea. Wangeanza kwa kupima, nusu ya hizo pesa zingebaki mfukoni.

## Mambo ya mwanzo

Watu husema "silinda imekufa" au "injini inamisi". Maana yake hasa ni nini?

Pistoni bado inapanda na kushuka, vali bado zinafunguka na kufunga, lakini petroli na hewa haviwaki ndani ya silinda hiyo. Injini iliyozoea kusukumwa na silinda 4 sasa inasukumwa na 3, na hizo 3 zinalazimika kuikokota ya nne. Ndiyo maana nguvu inayopotea huzidi robo. Ukipanda mlima wa Namirembe gari likiwa limejaa abiria utaelewa bila kuelezwa.

Ili silinda iwake inahitaji vitu 3: karenti kwenye plagi kwa wakati wake, mafuta ya kiasi chake, na kompresheni, yaani hewa ibanwe bila kuvuja. Kimoja kikikosekana, silinda inanyamaza. Kazi nzima ya kupima ni kujua kwanza ni silinda ipi, halafu ni kipi kati ya hivyo 3 hakipo. Fundi anayeruka hatua hizo anabahatisha, hata kama ana mikono mizuri.

Nitajuaje kwamba ni silinda moja imekufa na si tatizo lingine?

Sikiliza mpangilio. Injini ya silinda 4 ikinguruma polepole kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Moja ikinyamaza, pengo hurudi palepale kila mara, kama mpiga ngoma anayeruka pigo lilelile. Nenda nyuma ya gari, weka kiganja mbele ya mdomo wa egzosi bila kugusa bomba. Pumzi ikitoka pu-pu-pu, kimya, pu-pu-pu, kimya, hiyo ni silinda moja.

Pengo likija ovyo, mara hapa mara pale, tafuta kwingine: kabureta chafu, pampu ya mafuta dhaifu, mpira wa hewa uliopasuka. Na gari likitetemeka mpaka usukani lakini pumzi ya egzosi iko sawa, angalia mauntingi za injini. Kuna watu wamebadilisha plagi mara 2 kwa sababu ya mauntingi iliyochanika.

Naweza kuendelea kuliendesha likiwa hivyo?

Mpaka gereji, sawa. Kutoka Kampala mpaka Mbarara, kilomita kama 270, hapana. Petroli isiyowaka hushuka ukutani mwa silinda, huosha oili inayolainisha ringi za pistoni, kisha huingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuipunguza oili uzito. Nyingine hutoka mbichi kwenye egzosi na kuwakia humo. Kama gari bado lina katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la egzosi, inaweza kuyeyuka na kuziba njia.

Kama unajua ni injekta inayomwaga mafuta kwenye silinda isiyo na karenti, na huna jinsi ila kusogea kidogo, chomoa soketi ya injekta hiyo. Silinda itabaki imekufa lakini haitaoshwa na petroli.

Taa ya injini haijawaka, na mashine ya kompyuta haioni kosa lolote. Je, gari ni zima?

La. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayana uwezo wa kusema "silinda namba 3 inamisi". Kodi, yaani alama za makosa, za P0301 hadi P0304, ambazo hutaja silinda moja kwa moja, zilikuja na OBD2, mfumo wa kompyuta ya gari kujipima, na Kikumi haina mfumo huo.

Ilicho nacho ni kisanduku kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti. Unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, na taa ya injini inahesabu kodi kwa kupepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kodi 14, kwa mfano, inahusu mawimbi ya karenti. Ni msaada, lakini vali iliyoungua haitaonekana humo hata ukikesha.

## Kutafuta ni silinda ipi

Nitaipataje iliyokufa?

Zima silinda moja moja injini ikinguruma. Ukizima iliyo hai, ngurumo hushuka na gari hutetemeka zaidi. Ukizima iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo yako.

Wengi huzima kwa kuchomoa waya wa plagi. Mimi nimeacha. Koili hutoa volti zaidi ya 20,000. Ikikosa pa kwenda hupita mkononi mwako, au hupasua koili yenyewe kwa ndani, au huua igniter, kifaa kinachowasha na kuzima koili. Kwenye injini yenye injekta, chomoa soketi ya injekta: huna karenti ya kukurusha, wala petroli mbichi haiendi kwenye egzosi. Kwenye injini ya kabureta huna chaguo ila waya wa plagi, basi tumia koleo lenye mipira mizima, na waya uliochomolewa uegemeze kwenye chuma cha injini ili karenti iwe na njia.

Injini yenye injekta ina kompyuta inayorekebisha ngurumo haraka. Sikiliza sekunde ya kwanza baada ya kuchomoa, kabla haijajirekebisha.

Kwa nini fundi wa zamani hunyunyizia maji kwenye manifoldi ya egzosi?

Bomba la silinda inayowaka hukausha tone la maji papo hapo kwa mlio. La silinda iliyokufa hubaki na unyevu. Ni njia ya kweli, na hufanya kazi vizuri injini ikiwa imewashwa dakika 1 au 2 tu tangu baridi. Ila tumia matone ya vidoleni, si kikombe: manifoldi ya chuma cha kumimina ikiwa moto sana hupasuka ikimwagiwa maji. Kipimajoto cha mwanga kinachoelekezwa tu bila kugusa ni bora zaidi.

Silinda namba 1 iko upande gani?

Upande wa mkanda wa taimingi. Kwenye Toyota ndogo ambazo injini imelala kwa upana wa gari, huo ni upande wa dereva kwa usukani wetu wa kulia. Noah ya zamani, ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, namba 1 ni ya mbele kabisa. Subaru tazama swali lake kule chini.

Mpangilio wa kuwaka kwa hizi za silinda 4 zilizo mstari mmoja ni 1-3-4-2. Ukikuta gari limeanza kumisi siku ileile waya zilipobadilishwa, hakikisha mpangilio huo kwanza. Waya 2 zilizopishana huua silinda 2 kwa mkupuo.

## Karenti

Plagi nikiitoa nje inatoa cheche nzuri. Basi karenti ipo?

Si lazima. Nje ya injini cheche inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani, hewa imebanwa mara 9 au 10, na kuruka pengo lilelile kunahitaji volti nyingi zaidi. Plagi yenye ufa kwenye kauri, au waya uliochoka, hutoa cheche nje na kushindwa ndani.

Jaribio linaloaminika ni kubadilishana. Plagi ya silinda iliyokufa ihamishie kwa jirani, ya jirani ilete hapa. Washa. Tatizo likihama na plagi, umemaliza kazi bila kununua kitu. Lisipohama, rudia na waya. Ukiwa na mita, waya wa plagi wa Toyota hautakiwi kuzidi kilo-ohm 25. Nimewahi kupima uliosoma kama umekatika kabisa ilhali ganda lake linang'aa.

Distribyuta, inayogawa karenti kwa kila plagi, nayo iangalie. Fungua kofia yake utafute mstari mwembamba mweusi kama nywele kati ya nguzo na nguzo. Hiyo ni njia ya karenti kukimbilia kusikotakiwa. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, fungua boneti injini ikiwaka: waya zinazovuja zitajionesha zenyewe kwa cheche za buluu.

Rangi ya plagi inaniambia nini?

Itoe na uitazame kabla hujaipangusa, maana wengi huifuta kwanza halafu ndiyo wanaanza kuuliza. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki: tafuta karenti au kompresheni. Ikiwa kavu kabisa wakati za jirani zina rangi ya kahawia, mafuta hayafiki. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Utelezi mweusi wa oili unaelekeza kwenye ringi au sili za vali. Na ikiwa safi ajabu, kama imeoshwa kwa mvuke, wenzake wakiwa na rangi, shuku maji yanayoingia kwenye silinda, kisha nenda swali la gasketi.

Kumbuka pia kwamba plagi zenye majina makubwa, NGK na Denso, huigwa sana. Linganisha mpya na ya zamani kwa uzi, kauri na maandishi.

Nilipeleka gari kuoshwa injini, likarudi linamisi. Wameharibu nini?

Pengine hawakuharibu kitu. Kwenye injini kama 4A-FE, 7A-FE na 3S-FE plagi zimekaa ndani ya visima virefu. Maji ya presha yakiingia humo yanakaa, na karenti inashuka kupitia maji badala ya kwenda kwenye plagi. Toa waya, puliza visima kwa kompresa ya yule wa pancha, futa mipira ya waya, rudisha. Puliza kabla ya kufungua plagi, la sivyo maji na mchanga vitaanguka ndani ya silinda.

Ukikuta ndani ya kisima mna oili na si maji, sili za mirija ya plagi chini ya kifuniko cha tapeti zimekwisha. Oili hulainisha na kuozesha mpira wa waya polepole, na kumisi huja baada ya miezi. Badilisha sili kwanza ndipo waya, maana waya mpya kwenye oili ileile hazitadumu.

Silinda 2 zimekufa pamoja. Hiyo inamaanisha nini?

Inategemea ni zipi. Ipsum na Noah nyingi zenye 3S-FE ya baadaye hazina distribyuta. Zina koili 2, kila moja ikihudumia jozi: 1 na 4, 2 na 3. Zikifa 1 na 4 pamoja, koili ni mshukiwa wa kwanza, na kubadilishana koili kutakuthibitishia. Waya 1 uliokatika kwenye mfumo huo unaweza pia kumdhoofisha mwenzake wa jozi, kwa kuwa karenti yao inapita njia moja.

Zikifa 2 zilizopakana, 1 na 2 au 3 na 4, fikiria gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao: kila moja inapumulia kwa mwenzake. Jozi ya 2 na 3 ndiyo inayochanganya, maana ni jozi ya koili na ni majirani pia. Hapo usibishane na mtu. Chukua geji ya kompresheni.

## Mafuta

Nitajuaje kama injekta ya silinda hiyo inafanya kazi?

Chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye injekta, mpini sikioni. Nzima inagonga tik-tik-tik kama saa ya ukutani. Iliyo kimya ama haipati umeme ama imekufa. Chomoa soketi upime injekta kwa mita: nyingi za Toyota za miaka hiyo husoma ohm 13 hadi 14 zikiwa baridi. Ikisoma vizuri lakini haigongi, tatizo liko kwenye waya.

Hapa nina aibu yangu. Miaka ya nyuma nilifungua hedi ya Kikumi ya mteja, nikiwa na uhakika kwamba vali ya silinda ya 4 imeungua. Vali zilikuwa nzuri kama mpya. Panya alikuwa amekata waya mmoja wa injekta, nyuma kabisa karibu na ukuta wa injini, pale ambapo jicho halifiki. Gasketi, siku 2 za kazi na heshima, vyote vilitoka mfukoni mwangu. Tangu hapo hakuna hedi inayofunguliwa kwetu kabla ya geji kusema.

Injekta inayogonga bado inaweza kuwa imeziba. Ihamishe na jirani kama ulivyofanya plagi, lakini weka sili mpya za mpira. Za zamani zikikatika petroli itavuja juu ya injini ya moto.

Gari langu ni la kabureta. Je, silinda moja inaweza kukosa mafuta?

Ni vigumu. Kabureta moja hugawia silinda zote, hivyo ikichafuka zote huugua. Silinda moja ikifa kwenye injini ya kabureta, mafuta yaweke mwisho wa orodha. Isipokuwa jambo 1: gasketi ya manifoldi ya hewa ikivuja kwenye tawi la silinda hiyo, hewa ya bure inaingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi mno kuwaka. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikinguruma. Ngurumo ikibadilika, umepata mvujo.

Nimeambiwa petroli ilichanganywa na mafuta ya taa. Hilo ndilo limeua silinda?

Petroli iliyochakachuliwa hufanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi, igonge ikipanda mlima, ikose nguvu. Lakini tangi ni moja na bomba ni moja. Haiwezi kuchagua silinda ya 3 na kuziacha nyingine.

## Kompresheni

Kompresheni inapimwaje ili namba ziaminike?

Injini iwe na joto la kazi. Toa plagi zote, si ile moja tu, ili stata izunguke kwa wepesi. Zima mafuta na karenti: chomoa soketi za injekta na ya distribyuta au za koili. Betri iwe imejaa. Funga geji kwenye tundu, mtu mwingine akanyage ekseleta mpaka chini na asiiachie, kisha apige stata mpaka umesikia pumzi 5 au 6 za silinda hiyo. Andika namba. Hesabu pumzi sawa kwa kila silinda.

Ekseleta isipokanyagwa, hewa haiingii ya kutosha na silinda zote zitaonekana mbovu. Nimeona injini nzima ikihukumiwa kwa kosa hilo. Kwenye kabureta hakikisha choki nayo imefunguka.

Angalia pia sindano inavyopanda. Ikiruka juu pumzi ya kwanza kisha ikaongezeka kidogo kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Ikianza chini na kupanda polepole kila pumzi, ringi zimechoka.

Kitabu kinasema presha ya 191 psi, mimi napata 160. Injini imekwisha?

Uko wapi? Kitabu cha 4A-FE kinataja 191 psi kwa injini nzima, 142 kama kiwango cha chini, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Namba hizo zinachukulia hewa ya usawa wa bahari. Kampala iko mita kama 1,200 juu, na hewa yake ina uzito wa takriban asilimia 87 ya ile ya Mombasa. Injini ileile iliyosoma 191 Mombasa itasoma karibu 165 hapa. Kabale, kwenye mita kama 2,000, itasoma karibu 150 bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo 160 ukiwa Kampala ni namba ya kufurahia. La kutazama zaidi ni tofauti. Ikisoma 158, 160, 155, 157, kompresheni haina kesi. Rudi kwenye karenti na mafuta. Ikisoma 158, 160, 70, 157, silinda ya 3 inavuja.

Silinda moja iko chini. Ni ringi, vali au gasketi?

Mimina oili ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, zungusha injini kidogo, upime tena. Oili huziba pengo la ringi kwa muda. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda. Isipotikisika, hewa inapita juu: vali au gasketi. Usizidishe kijiko, maana oili nyingi hupunguza nafasi ya kubania na kukupa namba ya uongo. Jaribio hili kwenye Subaru halina maana kubwa, kwani silinda zake zimelala ubavu na oili haitandi pande zote.

Namba ya 0 kabisa mara nyingi ni vali iliyobaki wazi au pistoni iliyotoboka.

Kuna njia ya kujua kwa hakika bila kufungua hedi?

Ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Zungusha injini mpaka pistoni ya silinda hiyo iwe juu kabisa, vali zote zikiwa zimefunga. Ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kwa adapta inayotengenezwa hata na mafundi wa Katwe kutokana na ganda la plagi kuukuu. Weka mikono mbali na mikanda: hewa inaweza kuizungusha injini ghafla.

Sasa sikiliza hewa inapotokea. Ikivuma kwenye egzosi, vali ya egzosi haifungi. Ikivuma kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingiza. Ikipanda kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au pistoni. Kidogo ni kawaida. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au hedi yenye ufa. Ikitokea tundu la plagi la jirani, gasketi imeungua kati yao.

Vali ikishindwa kufunga, lazima ibadilishwe?

Pima kwanza nafasi ya vali, yaani pengo kati ya nundu ya kamshafti na tapeti. Kadiri kiti cha vali kinavyolika, nafasi hupungua mpaka vali inabaki imening'inia wazi bila kukaa. Ukiwahi, kurekebisha shimu, vibati vinavyopanga nafasi hiyo, kunaweza kuirudishia silinda kompresheni. Ukichelewa, moto unapita kwenye upenyo huo na kukata ukingo wa vali kama tochi ya kuchomelea, na hapo hedi inashuka: vali mpya, kusaga viti, sili mpya.

Dalili za gasketi ya hedi ni zipi, na kwa nini zinaungua hivi?

Maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha asubuhi, moshi mweupe hautaki kuisha. Ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ni dalili, lakini gari linalotembea safari fupi za mjini huweza kuwa nao kidogo kwa unyevu tu. Kinachotisha ni ute huo ukiwa kwenye kijiti cha oili.

Sababu kubwa huku kwetu ni joto. Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, na kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Kifuniko kikichoka, foleni ya Jumatatu inatosha. Sababu nyingine ni maji ya bomba bila kulanti, yanayokula alumini ya hedi mwaka baada ya mwaka. Na termostati iliyotolewa "ili injini ipoe" haitengenezi kitu. Inaficha rejeta iliyoziba.

Gasketi ikibadilishwa, uso wa hedi upimwe kwa rula iliyonyooka na uskimiwe, yaani usawazishwe kwa mashine, ukiwa umepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itakurudisha hapa.

## Kesi zisizo za kawaida

Inamisi asubuhi tu, ikipata moto inapona. Au kinyume chake.

Ikimisi asubuhi kwa dakika 1 ikitoa moshi mweupe, kisha ikatulia, maji yamevuja kwenye silinda usiku kucha. Pima kama ilivyoelezwa kwenye gasketi. Ikianza vizuri na kumisi ikishapata moto, fikiria koili inayokatika ndani kwa joto, au vali ya egzosi isiyo na nafasi: chuma kikitanuka, inabaki wazi. Kwa kesi hii pima kompresheni injini ikiwa moto kweli, si vuguvugu.

HiAce yangu ni ya dizeli. Haya yote yananihusu?

Kompresheni na gasketi, ndiyo. Karenti, hapana, haina plagi za cheche. Ili kuipata silinda iliyokufa, mafundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja moja, robo ya mzunguko, injini ikinguruma. Isiyobadilisha mlio ndiyo yenyewe. Vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, na usiweke kidole karibu: dizeli inayotoka kwa presha hiyo hutoboa ngozi, na hilo ni jambo la kukimbiziwa hospitali hata kama kidonda ni kama cha sindano. Geji ya petroli usiifunge kwenye dizeli. Injini za 2L na 3L zikiwa nzima hupita 400 psi.

Na Subaru?

Namba 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, 2 na 4 kushoto, na mpangilio ni 1-3-2-4. Plagi zimebanana na chasisi, kwa hiyo mafundi wengine huziacha zile ngumu kufikia na kubadilisha 2 tu. Muulize fundi wako akuoneshe plagi 4 za zamani mkononi.

Kompresheni ipo, cheche ipo, injekta inagonga, na bado inamisi.

Angalia kama vali inafunguka kikamilifu. Nundu ya kamshafti ikilika, silinda hubana hewa kiasi cha kuridhisha geji lakini haipumui ya kutosha injini ikizunguka. Fungua kifuniko cha tapeti, linganisha urefu wa nundu. Angalia pia waya wa ardhi wa injini ulioota kutu, na taimingi iliyoruka jino 1, ingawa hiyo huzidhoofisha silinda zote.

Fundi anasema ni bora ninunue injini nyingine iliyotumika. Nikubali?

Mwombe namba 4 za kompresheni zilizoandikwa kwenye karatasi, kabla na baada ya kumimina oili. Asipokuwa nazo, hajui anachokuuzia. Vali 1 iliyoungua kwenye 7A-FE yenye silinda nyingine 3 nzuri ni kazi ya hedi tu. Ringi zimekwisha kwenye silinda zote na inakula oili lita kwa wiki, hapo ndipo hesabu ya injini ya Kisekka, soko la vipuri la Kampala, inaanza kuwa na maana.

Ukiichagua, ipimwe kompresheni kabla ya kulipa. Stata, betri na dakika 20 zinatosha hata ikiwa imelala sakafuni, ila ongeza kidogo kwa kuwa ni baridi na itasoma chini. Chungulia chini ya kifuniko cha oili. Na namba yake iandike, kwa sababu logi buku yako ina namba ya injini ya zamani na mabadiliko hayo yanatakiwa kusajiliwa kabla hujafikiria kuuza gari.